Betri ya Kwenda Nakapanya

Mwalimu Judica alikuwa amechoka uchovu ule ambao mtu hulala nao na kuamka nao. Majirani zake wa Ruhuwiko waliomwona asubuhi akifagia uwanja, akisimama kila mara kuegemea ufagio, walisema ni ustaafu umemkaa vibaya. Walimu wengi wakiachana na chaki huzeeka ghafla. Haikuwa hivyo. Judica hakuwa mzee wa kuegemea ufagio. Aliyemchosha alikuwa ndani, kitandani, naye alimpenda.

Mumewe aliitwa Pankrasi. Walikutana zamani, Judica alipoletwa Songea kutoka Same, binti wa Kipare aliyepangiwa kufundisha sayansi katika mkoa asioujua. Pankrasi alikuwa dereva wa lori la shule, Mmakua wa vijiji vya Nakapanya huko Tunduru, mcheshi, mwenye kifua cha kupakia magunia ya mahindi huku akiimba. Baada ya ndoa alikwenda kanda ya ziwa kutafuta dhahabu. Alikaa huko miaka mingi akitoboa mwamba mkavu mashimoni, pua wazi, akirudi nyumbani na zawadi pamoja na kikohozi. Zawadi ziliisha, kikohozi kikabaki. Hospitalini walielezwa kwamba vumbi la mawe limeyafanya mapafu kuwa magumu, na kwamba hakuna dawa ya kuyalainisha tena. Kilichobaki ni kumsaidia apate hewa.

Msaada huo ulikuja kwa basi kutoka Dodoma, alikoajiriwa Ramson, mtoto wao wa pekee. Ilikuwa mashine yenye ukubwa wa kabati dogo la pembeni mwa kitanda. Ukiichomeka kwenye umeme inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, inatoa oksijeni kwa mrija mwembamba mpaka puani mwa mgonjwa. Mchana, akitulia kitini, Pankrasi aliweza kukaa kwa muda bila mrija. Usiku hakuweza. Basi usiku mashine ilinguruma na Judica alilala kando yake bila kulala, akisikiliza ngurumo isikatike. Umeme ukikatika, mashine ilipiga mlio mkali, naye aliruka, akafungua mtungi wa akiba wa oksijeni, akahamisha mrija, kisha akakaa kuuangalia mshale wa mtungi ukishuka. Kulipokucha kulikuwa na uji, maji ya kumwogesha, shuka za kufua, dawa, na kichujio cha mashine cha kuosha na kuanika.

Watu wa jumuiya ya Pankrasi, Wakatoliki, walikuja Jumamosi kusali. Mchungaji wa Judica, Mlutheri, alipita alipopata nafasi. Wote walisema pole na kuuguza, wakanywa chai, wakaaga. Walikuwa watu wema, ila kila mmoja alikuwa na kwake. Ndugu za Judica walikuwa Same, ndugu za Pankrasi Nakapanya. Hapo Songea walibaki wawili.

Uani, chini ya turubai, kulikuwa na gari lao, karavani la bodi ndefu ambalo Judica alilinunua alipostaafu ili abebe watoto wa chekechea. Biashara hiyo aliiacha Pankrasi alipozidiwa. Dereva aliyekuwa akiliendesha, Daimu, Myao wa Tunduru, alihamia kwenye bodaboda pale Bombambili, lakini hakuacha kupita mara moja moja kuliwasha injini lisife.

Asubuhi moja ya msimu wa baridi, Daimu akiwa uani analiwasha, Pankrasi alimwita mkewe barazani akamwambia anataka kwenda Nakapanya mavuno ya korosho yatakapoanza. Akakae kwa dada yake Suzana, wiki kadhaa, aione mikorosho aliyoipanda na marehemu baba yake.

Judica alidhani ni homa. Alimkumbusha kwamba kwa Suzana ni shambani, ndani, mbali na barabara, na nguzo za umeme hazijafika. Pankrasi akaelekeza kidevu kwenye karavani.

"Tutoe viti, tuweke kitanda," alisema. "Tuweke betri."

Alisema na kunyamaza, maana maneno mengi yalimmaliza pumzi. Judica alirudi jikoni. Hakuwa na nguvu ya kukubali wala ya kukataa. Lakini Daimu alikuwa amesikia, na Daimu alikuwa mtu wa kupenda safari. Haukupita muda mrefu viti vilitolewa, kitanda cha mbao kikafungwa sakafuni, na Daimu akaja na betri kubwa ya lori aliyoiazima kwa fundi rafiki yake. Akaisukuma chini ya kitanda.

Judica aliitazama betri ile akajua kwamba siyo. Alikuwa amewachorea wanafunzi betri ya namna hiyo ubaoni maisha yake yote, sahani za risasi ndani ya maji ya tindikali. Betri ya lori imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa mara moja ili injini iamke, kisha ipumzike. Haikutengenezwa kukamuliwa polepole usiku kucha. Tena ikichajiwa inatoa gesi. Haya yote aliyajua. Ila siku hiyo maji yalikuwa hayatoki bombani, Pankrasi alikuwa hajala tangu jana yake, na Daimu alikuwa na furaha. Akasema sawa.

Waliichaji humo humo ndani ya gari, kwa waya uliotoka dirishani mwa sebule. Alasiri Pankrasi akataka kukijaribu kitanda. Wakamlaza, wakamwekea mashine kwenye waya ule ule wa sebuleni, wakafunga milango na vioo kwa sababu upepo wa Julai ulikuwa unakata. Judica akaenda jikoni kukoroga uji. Aliporudi na kikombe mkononi na kuufungua mlango wa karavani, harufu ya mayai yaliyooza ilimpiga usoni.

Betri ilikuwa ya moto, inatokota ndani kama sufuria ya maharage. Pankrasi alikuwa anakohoa, macho yamemtoka. Judica alijua kwamba pamoja na harufu ile kuna gesi nyingine isiyonuka, nayo inataka cheche moja tu, na kwamba mashine ilikuwa imerundika oksijeni kuzunguka kitanda, juu ya betri, tangu walipofunga milango. Daimu alikuwa ameshapiga goti, ananyosha mkono kuvuta kibano cha chaja kutoka kwenye betri.

"Daimu, usiguse," alisema Judica.

Hakupaza sauti. Daimu aliganda na mkono wake hewani. Judica akaweka kikombe chini, akaenda sebuleni, akazima swichi kuu ya nyumba. Mashine ikapiga mlio wake. Kisha akarudi, akafungua milango yote ya gari mmoja baada ya mwingine, taratibu, na wawili hao wakamtoa Pankrasi kwa shuka mpaka barazani, wakamfungulia mtungi. Ilichukua muda midomo yake kurudia rangi yake.

Hakuna kilicholipuka. Upepo ulipita ndani ya gari ukaondoka na kila kitu. Judica alikaa chini kwenye saruji ya baraza, mgongo ukutani, akabaki hapo mpaka uji ukaganda kikombeni. Daimu alimwomba radhi, akaapa hakujua. Judica akamwambia asijilaumu, maana yeye Daimu hakujua, na aliyejua alikuwepo.

Baada ya hapo safari haikutajwa tena. Betri ilirudishwa kwa mwenyewe, turubai likarudishwa juu ya gari. Pankrasi hakununa, alikula alichopewa, akameza dawa zake. Ila asubuhi moja, baada ya usiku ambao umeme ulikatika mara kadhaa, alimshika Judica mkono alipokuwa anamvalisha shati.

"Mama Ramson," alisema, "siku nyingine ikilia, wewe lala tu."

Judica aliendelea kufunga vifungo. Alifunga mpaka cha shingoni, ambacho Pankrasi hakukipenda, akakifungua tena. Hakumwuliza maana yake. Alimalizia kazi za ndani, akamwomba Daimu aje akae na mgonjwa, akavaa viatu vya kanisani kwa sababu vingine vilikuwa vimelowa, akaenda mjini kutafuta betri.

Duka la kwanza lilikuwa karibu na soko, limejaa taa, redio na paneli za sola. Muuzaji alimsikiliza nusu, akamtolea boksi jeusi lenye karatasi ya kung'aa, akasema hiyo ni lithiamu, ya kisasa, haina maji, haina harufu, itamzika yeye na mashine yake. Judica akaomba aishike. Aliinua kwa mkono mmoja. Betri ya nguvu zilizoandikwa pale ilitakiwa kumwinamisha mtu mzima, nayo ilikuwa nyepesi kama debe la karanga lililobaki robo. Aliitikisa kidogo, kitu kikacheza ndani. Akaiweka juu ya meza, akashukuru, akatoka. Nje alisimama kivulini kwa mwuza magazeti. Alikuwa amesikia habari za betri zinazoundwa kwa vijibetri vya kompyuta mbovu, zinavimba, zinawaka. Alijiona akiwa amekilaza kitu kama hicho pembeni ya mumewe.

Duka la pili lilikuwa kwenye barabara ya kwenda Bombambili, la mtu aitwaye Muhsini, mwenye kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa kwa waya. Alimwamkia Judica shikamoo, akamkaribisha kiti, na kabla ya kumwonyesha chochote akamwuliza betri inakwenda kulisha nini. Judica akamweleza mashine, gari, Nakapanya, na mambo ya Julai. Muhsini akavua miwani.

"Mama, hapo tusibahatishe," alisema. "Taa ikizimika mtu anawasha mshumaa. Hii siyo taa."

Walizungumza mpaka chai ya Muhsini ikapoa. Betri ya maji waliiondoa mapema, maana kwenye chumba kidogo cha kulala mtu haifai, na ukiikausha kila usiku haimalizi mwaka. Ya jeli imefungwa, haimwagiki, na haina fujo kama ya maji, Muhsini angeweza kuipendekeza. Lakini nayo ukitaka idumu usiinywe kupita nusu, kwa hiyo ingebidi ziwe kadhaa, na uzito wake ungelikalisha karavani chini. Ilibaki lithiamu, ila siyo kila lithiamu. Ipo ya simu na kompyuta, yenye hasira, na ipo iliyotengenezwa kwa chuma na fosfeti, ambayo hata ikipata shida si rahisi kushika moto. Hiyo unaweza kuitumia karibu yote na kuichaji tena miaka na miaka. Ndani ina kifaa chake cha kuilinda: ikizidiwa au ikipata joto, inajizima. Judica aliuliza kuhusu mitikisiko ya njia. Aliuliza kuhusu kuichaji kwa injini, Muhsini akasema isiungwe moja kwa moja, lazima ipite kwenye chaja ya katikati. Aliuliza mpaka Muhsini akacheka kidogo na kumwambia angefaa kufungua duka.

Betri ya namna hiyo haikuwepo dukani. Iliagizwa Dar es Salaam, ikakaa njiani, na ilipofika Muhsini aliibeba kutoka bodaboda hadi ndani kwa kuikumbatia kifuani, shingo imemsimama. Judica alipenda kuona hivyo. Lakini hakuichukua. Alisema kwanza aijaribu kwa mashine yenyewe, hapo hapo dukani, mpaka ijizime. Kesho yake alimwachia Daimu mgonjwa na mtungi, akapakia mashine kwenye bajaji, akafika Muhsini akiwa ndiyo anafungua milango.

Waliiunganisha na inveta, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, mashine ikaanza kunguruma. Judica alikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya marundo ya nyaya na maboksi ya taa, akatoa vitambaa vyake vya kufuma. Alikusudia kuigusa betri kila baada ya muda kusikia joto lake. Aliigusa mara ya kwanza. Alifuma mstari. Mashine iliendelea kunguruma ile ngurumo aliyoizoea, lakini safari hii mwisho wa mrija hapakuwa na mtu. Akifunga macho hakuna ambaye angekufa.

Alipoamka, mlio wa mashine ulikuwa unapasua masikio. Aliruka, akatafuta mtungi, mkono wake ukakuta rafu ya balbu. Ilimchukua muda kutambua alipo. Nje jua lilikuwa limelala na msikitini walikuwa wanaadhini magharibi. Kanga ambayo siyo yake ilikuwa imemfunika mabega. Mke wa Muhsini alikuwa ameileta. Redio ya duka ilikuwa imezimwa, na wateja, aliambiwa baadaye, walihudumiwa mlangoni kwa kunong'ona.

"Imefika mwisho," Muhsini alisema, akinyoosha mkono kuelekea betri. "Imejizima yenyewe. Iguse."

Judica akaigusa. Ilikuwa vuguvugu kama kikombe kilichonywewa. Alimwuliza kwa nini hakumwamsha, mbona kutwa nzima imepita. Muhsini akajibu kwamba ni Judica mwenyewe aliyesema jaribio liende mpaka mwisho. Judica alitaka kucheka, badala yake macho yakamjaa machozi, akainama kuokota vitambaa vyake vilivyoanguka. Alikuwa hajalala vile tangu mashine iingie nyumbani kwake. Akirudi nyumbani kwenye bajaji, ndipo alipohisi kwa mara ya kwanza uchovu wake una uzito gani, kama mtu aliyetua mzigo na kuambiwa ajitwike tena.

Muhsini alikuja Ruhuwiko mwenyewe kuifunga. Hakuiweka chini ya kitanda. Aliiweka nyuma karibu na mlango, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu, akaifunga kwa mikanda isihame, akaweka fyuzi jirani na betri na nyaya nene ambazo Daimu alizilinganisha na vidole vyake. Mashine ikakaa mbele, mbali na betri. Juu ya paa wakalaza paneli za sola. Daimu aliambiwa sigara mwiko ndani ya gari hilo na hatua kadhaa nje yake, akakubali, ingawa uso wake ulionyesha anahesabu umbali wa Nakapanya.

Waliondoka Oktoba, umande haujakauka. Pankrasi alilazwa kichwa kikielekea dirishani, mrija puani. Judica alikaa kwenye kigoda nyuma, mkono juu ya sanduku la betri. Walipita Namtumbo, wakaingia kwenye misitu mirefu ambako lami inakwenda bila nyumba, miti mingine imeshatoa majani mekundu kabla ya mvua. Mashine haikubadilisha sauti. Daimu, akitazama nyuma kwa kioo, aliuliza kila baada ya mlima kama mzee yuko sawa. Tunduru walisimama kunywa chai. Pankrasi aliomba chapati, akala nusu, na Judica akagundua kwamba tangu Songea hakuutoa mkono wake kwenye sanduku. Kiganja kilikuwa kimekufa ganzi.

Kwa Suzana walifika alasiri, baada ya kuiacha lami Nakapanya na kufuata njia ya mchanga katikati ya mikorosho. Harufu ya mabibo yaliyoiva ilijaa garini. Suzana alikuwa mwanamke mnene, mjane, mdogo wa Pankrasi, kanga imefungwa kifuani na mikono yenye utomvu wa korosho. Alipanda garini bila kuvua viatu, akamkumbatia kaka yake mrija na vyote. Kisha akamtazama Judica, akamtazama kwa muda mrefu.

"Wifi," alisema, "wewe ndiye mgonjwa."

Judica akajibu kwamba ni safari tu.

Gari liliegeshwa mahali ambapo jua lingelipiga kutwa nzima. Jioni hiyo Suzana alitaka kuonyeshwa kila kitu, swichi ipi ya mashine, mtungi unafunguliwa wapi, taa ipi ya betri ikiwaka kuna shida. Judica alimwonyesha kwa adabu tu, hakufikiri ana haja ya kujua. Akajilaza kidogo kwenye mkeka ndani ya nyumba ya Suzana, angoje muda wa kwenda kulala garini.

Jua lilikuwa juu alipofungua macho. Alikimbia uwanjani bila kanga ya kichwani. Ndani ya karavani Pankrasi alikuwa amekaa, kaegemea mito, na Suzana anamnywesha uji kwa kijiko, akimsimulia jambo kwa Kimakua. Mashine ilikuwa inanguruma. Judica aliuliza kama usiku ililia. Suzana akasema haikulia, na hata ingelia, masikio anayo.

Ikaendelea hivyo. Suzana alilala garini, Judica alilala nyumbani. Mchana paneli zilijaza betri, na Pankrasi, mrija umetolewa, alikalishwa kwenye kiti karibu na watu waliokuwa wakitenganisha korosho na mabibo. Judica alijiunga nao. Siku za kwanza mikono yake haikujua la kufanya; kila mara alinyanyuka kwenda kumtazama, akakuta kuna mtu tayari, mpwa au jirani, anampungia nzi au anabishana naye habari za mpira. Watu walikuja na kukaa. Hawakusema pole na kuuguza. Waliuliza wafanye nini.

Jambo lililomshangaza ni kwamba Pankrasi hakuiulizia mikorosho. Hakuomba kupelekwa chini yake wala hakuuliza mavuno yakoje. Siku moja walipobaki wawili, Judica akimkata kucha, akamwambia hata korosho zake hajaziangalia.

"Korosho ni korosho," Pankrasi alisema.

"Si ndizo zilizotuleta?"

Alivuta pumzi kwanza, akaipanga. "Nilitaka Suzana akuone wewe," alisema. "Mimi nimeshaonwa sana. Kwenye simu unamwambia hatujambo, tunaendelea vizuri. Angejuaje?"

Judica aliacha mkasi. Hasira ilimpanda, ya kweli, mpaka masikioni. Alimkumbusha siku ya harufu ya mayai, alimkumbusha midomo yake ilivyokuwa ya buluu, akamwuliza kama hayo yote yalikuwa ya lazima, kama hakuweza kusema kwa mdomo kwamba aitwe dada yake.

"Ningesema, ungekataa," alijibu Pankrasi. "Ungesema unaweza."

Judica aliushika mkasi tena. Alimaliza kucha za mkono ule, akahamia mwingine, bila kumtazama. Hasira haikuondoka siku hiyo wala ya pili yake. Alikuwa amedanganywa na mtu anayevuta hewa kwa mrija, na hakuona hata pa kumwekea kinyongo. Lakini usiku alilala.

Mwishoni mwa Novemba mawingu yalianza kukaa. Paneli zikawa hazishibishi betri, na asubuhi moja taa yake ya onyo ikawaka. Daimu, ambaye alikuwa ameamua kuyamaliza mavuno pamoja nao, akaiendesha injini kwa muda mrefu kuijaza, lakini wote waliona kwamba njia ya mchanga ikishanywa mvua karavani halitatoka, na mafuta hayawezi kuchomwa kila siku. Judica akasema warudi Songea. Pankrasi hakubisha.

Asubuhi ya kuondoka Suzana alikuwa ameshawakabidhi wanawe shamba. Alitoka ndani na begi moja na mfuko wa korosho zilizobanguliwa, akapanda garini, akakaa kwenye kigoda cha nyuma. Hakuna aliyemwomba. Judica alifungua mdomo kusema kwamba isiwe taabu, kwamba wataweza. Akaufunga. Akaenda kukaa mbele na Daimu, na kabla hawajafika Tunduru alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo.

Pankrasi hakupona. Watu wa aina yake hawaponi. Kufikia Kwaresima alihitaji mrija mchana na usiku, na kufika barazani tu ikawa ni safari. Betri ilitolewa kwenye gari ikaletwa chumbani, Muhsini akaifunga ukutani, na umeme unapokatika mashine haipigi tena mlio, inaendelea tu. Karavani limerudi kubeba watoto wa chekechea, Daimu usukani.

Lakini kabla ya hayo yote, asubuhi ya kwanza waliporudi Ruhuwiko, giza lilipokwisha, Judica alisikia mtu anafungua kabati jikoni. Alikuwa ameshakaa kitandani, miguu inatafuta kandambili. Suzana akachungulia mlangoni, akauliza chumvi inakaa wapi. Judica akamwelekeza, akainua miguu, akajifunika tena.